Namba Arobaini na Saba Aliitika

Dada yangu tulimzika siku ya Jumamosi. Miaka miwili na miezi mitatu baadaye, Alhamisi saa nne asubuhi, akaitwa kwa kipaza sauti aje aulizwe afya yake inaendeleaje.

Nikanyoosha mkono.

"Nipo," nikasema.

Msinione kichaa. Nipeni dakika chache niwape mkasa wote, kisha kila mtu ahukumu kwa akili yake.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo. Simaanishi dobi wa uchochoroni mwenye pasi moja na meza. Nasema kiwanda: mashine zinazomeza mashuka mia kwa mkupuo mmoja, mabomba ya mvuke juu ya vichwa, wafanyakazi mia na ishirini. Mteja wetu mkubwa ni hospitali.

Ndani kuna pande mbili.

Upande mchafu ndiko mifuko ya hospitali inakofunguliwa na nguo kuchambuliwa kwa mkono. Damu huku, matapishi kule. Kuna siku unakuta sindano, kuna siku unakuta meno ya bandia ya watu.

Upande safi ndiko mashuka yanakotokea yakinukia, yananyooshwa, yanakunjwa. Mimi na dada tulikuwa huko, mashine moja, yeye anashika pembe hii, mimi pembe ile. Miaka sita. Tulishakuwa kama mikono miwili ya mtu mmoja.

Kisha ugonjwa ule ukaingia. Mnaujua, sina haja ya kuutaja.

Mifuko ikawa milima. Upande mchafu ukaongezewa watu, na dada akapangwa huko.

Meneja wetu tulimwita Nyoosha. Shuka likiwa na kunyanzi, "Nyoosha!" Mtu akichelewa, "Nitakunyoosha!" Hata salamu yake ilikuwa kama amri.

Dada akamfuata ofisini. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Bosi, tunaomba glavu na barakoa. Mifuko inatoka wodi za wagonjwa."

Nyoosha alikuwa amevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Akacheka humo humo ndani.

"Huu ni ugonjwa wa watu wanaopanda ndege. Nyie mnapanda nini?"

Watu wa ofisini wakacheka. Dada akanivuta mkono, tukatoka.

Wiki tatu baadaye dada akaanza kukohoa.

Nyoosha alipomsikia hakumwita ofisini. Alimtoa kwa mlango wa nyuma, ule wa taka, akamwambia aende nyumbani na afunge mdomo. Siku ya kumi na moja dada yangu akafa, akiwa kwenye benchi la hospitali ileile.

Fikirieni. Mashuka ya vitanda mia nne yalikuwa yanapita mikononi mwake kila siku. Siku anahitaji kitanda kimoja, akaambiwa vimejaa.

Msibani Nyoosha hakuja. Alituma katoni ya sabuni.

Mama yangu si mtu wa makuu. Alitaka kitu kimoja tu: barua. Barua inayosema mwanangu alifia kazini, basi. Akaenda mwenyewe hadi ofisini na khanga yake ya msiba.

Nyoosha akafungua daftari, akaweka kidole kwenye jina la dada.

"Mama, kwenye orodha yangu mwanao yuko hai. Mtu aliye hai siwezi kumwandikia barua ya kifo."

Mama alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda mpaka jua likazama. Mimi nilisimama mlangoni nikimwangalia, nikajiapiza. Huyu mtu atanyooka. Sijui lini, sijui vipi, ila atanyooka.

Tulizika wenzetu tisa mwaka ule, dada akiwemo. Kwenye daftari la Nyoosha hakufa hata kuku.

Kwa nini? Kwa sababu mkataba wa hospitali ulimtaka awe na wafanyakazi mia na ishirini. Akiwafuta marehemu, orodha inapungua, na ikipungua kuna mtu atauliza walikwenda wapi. Akawaacha humo humo, na vibarua wa kuokoteza wakafanya kazi zao. Ofisini kwake akatundika cheti chenye fremu ya dhahabu: hapa ni mahali salama pa kazi, hakuugua hata mmoja.

Mimi nikaendelea kunyoosha mashuka. Kimya. Namwamkia kila asubuhi, naitika kila anaponiita. Mtu mwenye kisasi hapigi kelele, anapiga pasi.

Ndipo wakaja watafiti.

Walitoka chuo kikuu. Walikuwa wanazunguka kwenye viwanda, maofisini, sokoni, wakitaka kujua janga limewaacha watu katika hali gani: nani amerudi kwenye maisha yake, nani ameachwa nyuma, na kwa nini.

Siku moja kabla, Nyoosha alitukusanya.

"Mtu akikuuliza hali, sema nzuri. Anayetaka kulia akalie kwao."

Alikuwa ameshaandaa watu wake kumi wa kuhojiwa, wote ndugu na marafiki, wamekaririshwa kama watoto wa darasa la kwanza. Mtafiti mkuu, msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa, akamwambia kwa upole, "Asante, lakini tunachagua wenyewe. Tupe orodha yote."

Nyoosha akatoa orodha yote. Angefanyaje? Ndiyo orodha aliyoipeleka hospitali.

Kompyuta ikachagua watu arobaini. Kompyuta haina shemeji.

Kingine, watafiti hawakutaka majina. Walisema ni siri ya mhojiwa, wataita namba za kazi tu. Nani anajua namba ya mwenzake? Kila mtu anajua yake, basi, labda na ya ndugu yake.

Tangu asubuhi Nyoosha alisimama kando ya kipaza sauti na daftari lake, akijifuta jasho. Sikuelewa kwa nini. Siku yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Namba arobaini na saba!"

Namba ya dada.

Nyoosha akapitisha kidole kwenye daftari, akakiona alichokiona, akafungua mdomo. "Huyo yuko li..."

"Nipo!"

Akageuka. Tukaangaliana. Ananijua mimi ni nani, anajua arobaini na saba ni nani, na anajua amelala wapi. Lakini angesemaje? Akisema huyu siye, ataulizwa mwenyewe yuko wapi.

Akameza mate. Patamu hapo!

Nikampita nikaingia chumba cha mahojiano. Ilikuwa stoo ya mashuka safi, meza moja, viti viwili.

"Karibu, dada, keti," mtafiti akasema. "Swali usilolipenda unaliruka. Sawa?"

"Sawa."

"Kwa ujumla, afya yako ni nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya, au mbaya sana?"

"Chini ya mbaya sana hamna kingine?"

Akatabasamu. "Hamna."

"Basi andika hiyohiyo."

"Katika wiki mbili zilizopita, umejisikia mtulivu mara ngapi?"

"Muda wote. Hakuna anayenisumbua."

"Unapata usingizi wa kutosha?"

"Kupita kiasi."

Akaniangalia juu ya miwani, akaandika.

"Wakati wa janga, uliwahi kuugua?"

Hapo nikaacha utani.

"Nilianza kukohoa Jumanne," nikasema. Nikamsimulia kama dada alivyonisimulia mimi akiwa ameegemea ukuta wa chumba chetu, na mengine niliyoyaona mwenyewe hospitalini. Mifuko. Mikono mitupu. Mlango wa taka. Benchi. Jinsi alivyoomba maji na nesi akamwambia subiri, na jinsi alivyosubiri, maana dada yangu alikuwa mtu wa kusubiri.

"Pole sana," mtafiti akasema. "Ulirudi kazini baada ya muda gani?"

"Sijarudi."

"Lakini leo upo..."

"Nilikufa siku ya kumi na moja. Unayemwona hapa ni mdogo wake."

Kalamu ikasimama.

Nikajiandaa kutimuliwa. Nikajua sasa ataita watu, kazi imekwisha, na Nyoosha atachekea humo ndani ya barakoa zake.

Yule msichana akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati lake, akachelewa sana kuivaa.

"Dada," akasema taratibu, "wewe ni wa tatu tangu asubuhi."

Kumbe jasho la Nyoosha lilikuwa na sababu. Kumbe kuna wengine waliosikia namba ya mtu wao ikiitwa, wakanyoosha mkono, bila kuambiana!

"Basi kayaseme haya!" nikamwambia. "Yaandike. Mpeleke gazetini, mpeleke polisi!"

"Siwezi. Nimeapa kutunza siri ya kila anayekaa kwenye kiti hicho. Na majibu yako siwezi kuyahesabu, kwa sababu aliyechaguliwa si wewe."

Hasira zikanipanda mpaka nikaona nyota. "Kwa hiyo mmekuja kutuchungulia tu kama wanyama?"

Hakukasirika. Akafungua ukurasa wa mwisho wa fomu, akaniwekea kidole.

"Kila namba isiyohojiwa, lazima niandike sababu. Amehama. Amekataa. Mgonjwa. Au hii hapa." Kidole kikasimama kwenye neno moja: amefariki. "Jina sitaandika. Idadi lazima niiandike. Ripoti isiyo na idadi hiyo haikubaliki popote."

Nikakitazama kile kimstari kidogo. Taratibu nikaanza kuelewa.

Natoka nje, Nyoosha huyu hapa, amenifuata nyuma ya mashine ya kukaushia.

"Umewaambia nini?"

Nikajikausha. Nikaweka sura ya mjinga. "Nimewaambia hali nzuri, bosi. Nilisikia namba haina mtu, nikaona nikufichie aibu."

Uso wake ukafunguka kama mwavuli. Akanipiga bega.

"Wewe una akili. Sikujua."

Ndiyo, bosi. Hukujua.

Jioni ile nilimtafuta fundi wa boila, maana nilimwona akiitika namba asubuhi na najua mkewe alikuwa mmoja wa wale tisa. Nikamuuliza kwa macho tu. Akaweka spana chini.

"Kumbe na wewe?"

Tukawapata na wengine wawili: dereva wa gari la mifuko, na mama mmoja wa kukunja mashuka aliyemwitikia bintiye. Wanne jumla. Wote Nyoosha aliwauliza swali lilelile, wote wakatapatapa na majibu yasiyoeleweka. Nikawaambia waende kesho yake, mmoja mmoja, wamwambie waliitika ili kumwokoa bosi.

Fundi wa boila akacheka kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe. "Tumnenepeshe kwanza."

Tulimnenepesha miezi minne. Alitembea kiwandani kama mwenye nyumba. Alitusalimia kwanza sisi wanne kabla ya wote. Aliamini tuko mfukoni mwake.

Watafiti wakarudi kuleta matokeo. Nyoosha mwenyewe ndiye aliyeomba mkutano uwe mkubwa. Akamwalika mkuu wa wauguzi wa hospitali, akamwalika mkaguzi wa kazi, akapanga viti kwenye bwalo la chakula na vitambaa vyeupe mezani. Alitaka mkataba mpya, na alitaka waone watu wake walivyo na furaha.

Mtafiti akaangaza picha ukutani.

Akaanza na watu wa ofisini: tisa kati ya kumi walisema maisha yao yamerudi kama zamani. Nyoosha akapiga makofi. Upande mchafu: wawili kati ya kumi. Nyoosha akapiga makofi pia, hakuwa anasikiliza. Wanaoamka na hofu, upande mchafu mara nne ya ofisini. Wote wa kiwanda kimoja, ukuta mmoja katikati.

Kisha likaja jedwali dogo. Waliochaguliwa, arobaini. Waliohojiwa, thelathini na sita. Waliofariki, wanne.

Mtafiti akaliacha pale ukutani, akanywa maji.

Mkuu wa wauguzi akavaa miwani yake. "Samahani. Wanne wamefariki? Meneja, wewe si ulituandikia hakuna hata mmoja aliyeugua?"

Ukumbi mzima ukamgeukia meneja.

"Wamekosea hesabu," Nyoosha akasema akicheka. "Hao wanne wapo. Waliitwa mbele yangu wakaitika!"

"Wapo?" mkaguzi wa kazi akauliza, akifungua daftari lake.

"Wapo hapa hapa! Huyu hapa!" Akaninyooshea kidole, anatabasamu, ananikonyeza. "Namba arobaini na saba ni huyu. Simama, mwanangu, uwaambie!"

Nikasimama.

Jamani, nimewahi kuota mambo mengi matamu maishani. Hakuna lililofikia utamu wa dakika ile.

Nikakivua kitambulisho changu shingoni, nikampelekea mkaguzi mkononi.

"Namba yangu ni sitini na mbili," nikasema. "Arobaini na saba alikuwa dada yangu. Aliugulia upande mchafu, mikono mitupu. Meneja anajua alikufa, msibani alituma katoni ya sabuni."

Nyoosha akamgeukia fundi wa boila kama anayezama anavyotafuta kamba. Fundi akasimama naye, kitambulisho mkononi. Dereva akasimama. Yule mama wa kukunja akasimama.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilio chake kilikuwa kimesimama kwa miguu minane.

Alinywea pale pale. Nilimwona kwa macho yangu, mtu wa kilo mia akawa kama shuka lililotoka kukamuliwa.

Mkutano ukavunjika. Mkaguzi akataka madaftari ya zamu ya mwaka ule, Nyoosha akasema yalilowa maji yakatupwa. Hakuaminika, ila hayakupatikana. Mwenye kiwanda akamsimamisha kazi, na shauri likapelekwa mbele. Tukaambiwa bila maandishi ya mkono wake atajitetea kwamba vifaa vilikuwepo na sisi ndio wazembe tusiovivaa.

Wiki moja baadaye akaja kurudisha funguo. Akanikuta peke yangu kwenye mashine.

"Unajiona mshindi," akasema.

Nikaendelea kushika pembe ya shuka.

Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, imechanwa kutoka kwenye daftari. Akaibwaga juu ya shuka jeupe.

"Soma. Halafu ulale vizuri."

Akaondoka zake, hata mlango hakuufunga.

Nikaikunjua. Ilikuwa zamu ya upande mchafu, wiki ile ya kwanza. Majina nane. La tatu lilikuwa langu.

Langu mimi, sitini na mbili. Limekatwa kwa mstari. Juu yake limeandikwa la dada, na pembeni sahihi ya dada mwenyewe, ile ya herufi za kulala.

Nikakaa sakafuni.

Nina pumu tangu utotoni. Ndiyo sababu. Alikwenda kuomba aingie yeye badala yangu, asiniambie. Miaka yote ile nilidhani alipangwa. Kumbe kaburi lile lilikuwa la kwangu.

Nililia pale mpaka shuka likapoa na kukauka mikononi. Huo ndio ulikuwa mshahara alionitakia Nyoosha: nisimame mbele za watu kulipa kisasi, kisha nirudi nyumbani nijue ninayemdai ni mimi mwenyewe.

Nusura afanikiwe.

Nilipokuwa nafuta machozi niikunje tena ile karatasi, nikaona maandishi chini kabisa, mkono wa Nyoosha, wino wa bluu, sahihi na tarehe:

"Glavu na barakoa za watu nane wa upande mchafu: zisubiri. Ofisi kwanza."

Nikasoma mara mbili. Mara ya tatu nikasimama.

Lile bwege! Daftari lote alilifanya majivu, akabakiza ukurasa mmoja ili anichome nao, na ukurasa wenyewe ndio uliokuwa na kamba yake.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkaguzi wa kazi, nikaiweka mezani. Alisoma juu, akasoma chini, akaninyanyulia macho.

"Hii umeipata wapi?"

"Kaniletea mwenyewe."

Leo Nyoosha anatumikia kifungo. Mama ana barua yake, na zile familia nyingine nane zina zao. Upande mchafu kuna glavu mpaka zinabaki.

Nilipomwonyesha mama jina langu lililokatwa, hakushangaa. Aliniambia, "Dada yako aliniaga. Alisema nisikwambie, utakataa." Kisha akaikumbatia ile barua kifuani, na mimi akanikumbatia pamoja nayo.

Wengi mtaniuliza kama najuta. Kisasi sijutii hata kidogo, na nisingesubiri Mungu anifanyie nilichoweza kukifanya mwenyewe kwa kunyoosha mkono.

Ila nimejifunza hili, nalo chukueni. Mkitumbukizwa wawili kwenye shimo na mmoja asitoke, kuna mtu atakuja kukunong'oneza kwamba aliyepaswa kubaki chini ni wewe. Usibishane na marehemu wako nani alistahili kufa. Muulize huyo anayenong'ona: shimo nani alilichimba?